Wanaomsubiri Mwenzao

Jumamosi alasiri Solveig alikuwa akitoa mikate ya mdalasini kwenye jiko, nyumbani kwake Uppsala, aliposikia viatu vikivuliwa mlangoni. Walikuwa mafundi wa damu ya bintiye, Tuva. Waliingia na soksi, wadogo kama punje za vitunguu saumu, themanini kasoro mmoja, wakapanda mezani na kuketi juu ya vizibo vya chupa. Kizibo kimoja kilibaki wazi.

"Kunyweni basi, kahawa inapoa."

"Tunamsubiri mwenzetu," alisema mmoja. "Akifika tu, tunaanza kazi."

Ndivyo walivyo watu wa huko: mkate haumegwi mpaka wote wawe mezani, na asiyefika haulizwi yuko wapi. Adabu nzuri, sikatai, lakini mtoto haongezewi damu kwa adabu. Tuva, mwenye miaka mitano, alikuwa amejilaza kwenye benchi la jikoni, midomo myeupe kama unga.

Daktari Hedda alikuwa amekwisha kumweleza Solveig. Ndani ya kila seli mna karakana ndogo ndogo, ribosomu, ndizo zinazounda protini zote za mwili. Karakana yenyewe nayo imeungwa kwa protini kama themanini, kila moja na mahali pake. Kwa Tuva, moja ya protini hizo haitoshi. Seli nyingine huvumilia, lakini zile zinazozaa damu nyekundu zina kazi nyingi mno, hufa kabla ya kukomaa.

"Ni ipi kati ya hizo, sayansi bado haijui," alisema Hedda. "Kwa hiyo kakake, Alvar, siwezi kumpima. Uboho wake unalingana na wa Tuva, sawa, lakini kama kasoro hii iko kwenye ukoo, huenda naye anayo, hata akiruka kama mbuzi. Tukimpandikizia Tuva uboho wa aina ileile, tunaweza kumpoteza. Je, kuna yeyote kwenu aliyewahi kuugua hivi?"

Kwa kina Solveig hakuna. Torkel, mumewe, alisema mama yake hajawahi kutaja mtu. Jumapili wakaenda kwa mama huyo, Bibi Ragnhild.

Kwenye kitambaa cha meza cha Ragnhild walikuwa wameketi mafundi wengine, wa makamo, sweta zao za mtindo wa zamani zimejaa vumbi. Mbele yao kahawa ilikuwa imeganda utando. Ragnhild aliwapangusa mabega kwa kitambaa laini, kama alivyopangusa vinara vya mishumaa.

"Mama, hawa ni wa nani?" Solveig aliuliza.

"Nilihamia nikawakuta."

"Sisi ni wa mtoto Ingegerd," alisema mmoja wao kwa upole. "Tunamsubiri mwenzetu."

Torkel aliweka kikombe chini. "Ingegerd ndiye nani?"

"Kunywa kahawa yako, mwanangu."

"Mama, nilikuwa na dada?"

"Solveig, mpe mumeo sukari."

Solveig alitamani kuipindua meza ile na kahawa yake yote. Hakuipindua. Alimpa mumewe sukari.

Solveig alimsimulia Hedda habari za mafundi wa Ingegerd, akakataa uboho wa Alvar. Hedda alipompigia simu Ragnhild, alijibiwa kwamba ukoo wao ni watu wenye damu safi, wazima wote, tangu na tangu.

"Mimi nakuamini," Hedda alimwambia Solveig. "Mafundi kama hao nimewaona nyumba nyingi. Lakini wenzangu wanataka marehemu mwenye jina, na jina atoe mama mzazi. Wataona unamnyima mtoto tiba."

"Na waone."

Uboho wa Alvar haukuchukuliwa. Tuva aliendelea kuongezewa damu za watu asiowajua, akingojea uboho wa mtu asiyemjua, na kila baada ya wiki chache midomo ilirudi kuwa myeupe.

Jumamosi moja Ragnhild alikuja na sinia la mikate midogo sana ya mdalasini, akamwekea kila fundi wake. Tuva alihesabu kwa kidole mpaka mwisho.

"Bibi, umezidisha mmoja."

"Nilikosea kuhesabu."

Aliuweka ule mmoja mbele ya kizibo kitupu, akausogeza kidogo ukae sawa. Kisha akakunja mikono mapajani, akakaa kusubiri nao. Jina hakulitaja.