Miguu ya Nguzo

Vumbi la mbao halianguki kama mavumbi mengine. La barabarani hutimka likachoka, likalala. La mbao huelea. Asubuhi, jua linapopenya kwenye nyufa za banda, utaliona likizungukazunguka ndani ya miale, jekundu kidogo, tamu puani, likitua kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye chai ya mtu. Ukishinda bandani humo unatoka umezeeka kichwa kizima: mvi za bure, mvi usizozitolea jasho la kuishi.

Ndani ya vumbi hilo alisimama mwanamume waliyemwita Nguzo, akisukuma gogo kwenye msumeno, na asubuhi hiyo alilishukuru. Lilimfunika uso. Kwa maana uso wake ulikuwa na aibu, na aibu, jamani, haina nguo inayoitosha.

Jina hilo hakujipa. Alipewa siku upepo ulipolivunja paa la banda hilohilo, boriti ikaanza kunepa, watu wakakimbilia nje, naye akaingia chini yake akaibeba begani hadi mafundi walipoleta mhimili. Tangu siku hiyo, Nguzo. Wateja, Nguzo. Watoto wa jirani, Nguzo. Hata mama mkwe wake, mwanamke wa maneno machache, asiyegawa sifa ovyo, alisema mbele ya watu: "Binti yangu ameegemea nguzo. Mimi nalala usingizi."

Dereva wa trekta lao alikuwa mkewe. Trekta lilikuwa la marehemu baba yake, na alijifunza kulishika usukani akiwa bado anapakatwa. Walimcheka mwanzoni; baadaye wakamzoea; mwishowe wakawa wanamsifu kana kwamba wao ndio waliomfundisha. Trekta hilo lilikuwa na kazi mbili. Lilivuta magogo kutoka kwenye shamba la misonobari, likayaburura kwa mnyororo hadi uwanjani. Kisha liliegeshwa kando ya banda, likavishwa mkanda mrefu uliolizungusha sahani la msumeno. Nalo trekta likinguruma huku, msumeno ukaimba kule. Mume alikata, alifunga mnyororo, alitembea kando na kabari. Mke aliendesha. Kazi yao ilikuwa kama kitanda chao: kila mtu na upande wake, na joto katikati.

Kabari yenyewe ni kipande tu cha mti mgumu, chembamba huku, kinene kule. Trekta likikwama kwenye mwinuko, kabari huchomekwa nyuma ya tairi kubwa, lisirudi kinyumenyume. Ni kazi ya kuinama na kuinuka. Haiombi bega. Haiombi jina.

Siku aibu hiyo ilipotokea, mvua ilikuwa imelainisha mteremko. Gogo lilikuwa nene, la shina, zito kwa utomvu. Trekta lilipanda, likapanda, likafika penye udongo mwekundu, na hapo matairi yakazunguka bila kwenda, yakirusha matope. Mkewe alikanyaga breki, akageuza shingo.

"Kabari!"

Nguzo alikuwa nayo mkononi.

Tusimwonee, tusimpendelee, tuseme ilivyokuwa. Aliona pua ya trekta ikiinuka. Aliona magurudumu madogo ya mbele yakiacha ardhi, taratibu, kama mnyama anayejaribu kusimama kwa miguu miwili. Mnyororo ulilia. Zilihitajika hatua chache tu. Na hatua alizipiga, alizipiga nyingi, ila zilielekea kwingine.

Alikimbia.

Kichwa hakikuulizwa. Moyo haukuulizwa. Miguu ilijishauri yenyewe, ikakata shauri, ikamchukua mzimamzima. Kabari ilianguka nyasini bila sauti. Alikimbia kama kifaranga aliyeona kivuli cha mwewe, na alipofumbua macho alikuwa amekumbatia msonobari, kwa mikono yote miwili, shavu kwenye gome. Alikuwa ameushika mti ule kwa nguvu kuliko alivyowahi kumshika mtu yeyote.

Nyuma yake, mke alifanya kazi ya watu wawili. Alikanyaga klachi. Pua ya trekta ikarudi chini kwa kishindo, uso wake ukagonga usukani, trekta likateleza kinyumenyume, likateleza, hadi gogo lilipokingama kwenye kisiki, likagoma. Kisha kimya. Ndege mmoja akaimba, yule asiye na habari.

Nguzo aliporudi alimkuta ameketi kwenye kikanyagio cha trekta, mdomo wa chini umepasuka, damu inachuruzika kwenye kifua cha ovaroli. Mke alimtazama. Laiti angemtazama kwa hasira. Hasira angeibeba, bega lake linajua kubeba. Alimtazama kama mtu aliyerudi kwake jioni akakuta mlango wa nyumba umehamia ukuta mwingine.

"Twende zahanati," alisema mke, na maneno yakatoka na damu.

Zahanati walimshona. Muuguzi, mikono ikiwa kazini, akauliza kama wauguzi wanavyouliza: "Imekuwaje tena, dada?"

Na yule mke, kwa mdomo uliovimba, kwa mdomo ambao kila neno liliutonesha, akajibu polepole: "Trekta liliteleza. Mume wangu akaliwahi kwa kabari. Bila yeye, mngenishona wapi?"

Nguzo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alifungua kinywa. Kinywa kikajifunga chenyewe.

Alikimbia. Mara ya pili, na safari hii bila hata kunyanyua unyayo.

Habari haina tairi lakini haikwami matopeni. Kesho yake fundi seremala, mteja wao wa siku zote, aliingia bandani na kicheko chake mbele, yeye nyuma. "Nguzo! Kumbe jina hukupewa bure! Mwanamume ni wewe bwana, sisi wengine tumevaa suruali tu!" Akampiga begani, pah, vumbi likatimka.

"Ah, kawaida tu," Nguzo akasema.

Kawaida tu! Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakidondoka miguuni kama mabanzi, yale maganda ya gogo yanayotolewa kwanza na kutupwa pembeni. Nguzo gani hii, alijiuliza, nguzo gani hii yenye miguu ya kukimbia?

Akapasua mbao. Alipasua kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mti. Gogo liliingia msumenoni na gome lake, na mafundo yake, na ulimi wa udongo bado umeganda ubavuni. Likatoka limevuliwa, bao baada ya bao, jeupe, bichi, linanuka kama asubuhi. Mti hauwezi kuficha kitu. Palipooza huonekana pameoza. Penye mwanya huonekana mwanya. Alizipanga mbao uwanjani, akazitenganisha kwa vipande vyembamba upepo upite, na kila alipoinua moja aliionea wivu.

Chakulani hakumtazama mkewe mdomo. Kitandani alilala ukingoni, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko kwake. Mkewe alikunywa uji kwa upande mmoja wa kinywa, akaosha kikombe, akaenda kuangalia mafuta ya trekta.

Ndipo akaja mama mkwe.

Alikuja mchana, kwa miguu, kanga imekazwa kiunoni kama mtu aliyekuja kazini. Hakuketi. Alimshika mkwewe mikono yote miwili, yeye mama mtu mzima, akaipandisha hadi usoni pake, na Nguzo akahisi unyevu wa machozi.

"Mwanangu," alisema mama. "Nilikupa binti na trekta. Trekta ni chuma, chuma kinanunuliwa. Mungu akulinde kama ulivyonilindia binti yangu."

Nguzo alimtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa akimimina chai, ameinamia birika, na hakuinua kichwa. Chai ilijaa kikombe, ikafurika kwenye kisahani, ikaendelea kumiminika.

"Asante, mama," alisema Nguzo.

Ee ulimi! Chombo kidogo, chenye unyevu, kisicho na mfupa, unabeba mizigo gani! Alitoka kwa kisingizio cha kufunika mbao, akaenda akachutama nyuma ya mrundo wao, mahali ambapo hata kuku hawafiki, akajikunja mwili wake mrefu hadi akawa kitu kidogo.

Mke alimfuata. Alisimama, akaegemea mbao.

"Kwa nini uliwaambia vile?" akauliza Nguzo, akiongea na ardhi.

"Ulitaka niseme nini?"

"Kweli."

"Kweli uliijua na wewe," alisema mke. "Tena ulikuwa na mdomo mzima."

Neno hilo lilimwingia pasipo na gome. Kisha akasema, "Ulinionea huruma. Huruma yako inaniua."

"Sikukuonea huruma." Mke aligusa mshono kwa ncha ya kidole, kama anayeuomba ruhusa. "Unafikiri nilikuficha wewe? Nilijificha mimi. Nilipogeuza shingo nikaona mgongo wako unaondoka, sikuogopa kufa, wallahi, hata nafasi ya kuogopa sikuipata. Niliona aibu. Mimi, mke wa kuachwa pale, kama kitu kilichokwama. Nikasema hili asilijue mtu. Wala mama. Mama hasa."

Nguzo akainua uso.

Siku zote hizo alikuwa ameikumbatia aibu yake kama mali ya wizi, akidhani ni yake peke yake. Kumbe aibu hiyo ilikuwa gogo refu, na mkewe alikuwa amebeba ncha ya pili. Alikuwa amebeba muda wote, kimya, na mdomo ulioshonwa.

Na papo hapo akaelewa jambo jingine, likamwelemea zaidi: zile sifa hatazivua. Akizivua atamvua na mkewe mbele ya mama yake. Atazivaa. Seremala atampiga bega, naye ataitika. Mama atamshika mikono, naye ataitoa. Atazivaa kama ovaroli iliyolowa, inayobana, inayonuka, mpaka zimkaukie mwilini. Hiyo ndiyo itakuwa kabari yake, na hatapata pa kuitupa.

"Nisamehe" lilimjia mdomoni. Akaliona dogo, akalimeza.

"Lile gogo bado liko mteremkoni," alisema.

"Liko."

"Tukalitoe."

"Na ukikimbia tena?"

Hapo watu huapa. Hutaja mbingu, hutaja makaburi ya baba zao. Nguzo hakuapa. "Sijui," alisema. "Hii miguu siiamini tena. Labda unifunge mnyororo."

Mke akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, mshono ukavuta, akashika mdomo kwa kiganja huku macho yamejaa maji. "Usinichekeshe, mjinga wewe. Inauma."

Waliondoka asubuhi. Jua la siku kadhaa lilikuwa limekausha mteremko, udongo mwekundu umekuwa tifutifu. Mnyororo ukafungwa chini kabisa ili pua isiinuke, gogo likang'oka kwenye kisiki, trekta likapanda. Nguzo alitembea kando ya tairi, kabari mkononi, karibu mno, joto la injini likimchoma shingo.

Pale pale pa siku ile, matairi yakazunguka bila kwenda. Vumbi likatimka, si lile linaloelea. Hili zito, la ardhi, lenye changarawe, likampiga machoni na kinywani. Ndani yake aliona, au alidhani ameona, ile pua ikitetemeka. Na miguu ikaanza kushauriana. Aliisikia. Aliisikia kabisa, goti likinong'ona na goti.

Akaipigisha magoti.

Miguu iliyopigishwa magoti haiwezi kukimbia. Alianguka nyuma ya tairi lililo refu kuliko yeye, akachomeka mti wa kabari, akausukuma kwa viganja, kisha kwa kifua, huku akilia kwa sauti kama mtoto, na injini ikimfunika. Trekta likarudi nyuma kidogo. Likaukanyaga mti ule. Likasimama.

Mke hakugeuza shingo. Alikaa amekaza macho mbele, mikono miwili kwenye usukani, mgongo wima, akiogopa atakachokiona akigeuka. Vumbi liliwashukia wote wawili, mmoja juu, mmoja chini, na jua likapita humo bila kumficha mtu.

"Upo?" aliuliza, bado anatazama mbele.

Nguzo alitema udongo.

"Nipo."