Jumatano Ambazo Sikuziandika

Mtu akinichezea faili, mimi sina dogo. Miaka kumi na minane naandika habari za watoto wa kituo hiki cha malezi, na karatasi zangu hazina doa wala kona iliyokunjika. Wenzangu wananiita Bi Mafaili, na nawaacha wacheke. Ndiyo maana haya yananiuma: faili lililomwangamiza baba mmoja lilikuwa safi kuliko yote.

Binti yake tulimwita Pengo, kwa ajili ya meno mawili ya mbele aliyokuja hana. Alikuwa na miaka sita. Mama yake alifariki, baba akabaki peke yake na kazi ya kuoka mikate, akamleta kwetu mpaka apate mtu wa kumsaidia kulea. Sasa, siku ya kutembelea watoto hapa ni Jumapili. Siku ya mapumziko ya mwoka mikate ni Jumatano.

Basi akawa anakuja Jumatano. Mlinzi hakuruhusiwa kumfungulia geti, ila ana huruma yule mzee, akamwonyesha apite nyuma, penye kamba za kuanikia nguo. Pengo akitoka darasani mbio hadi pale, wanashikana vidole kwenye wavu wa uzio. Dirisha langu linatazama hapo hapo. Mimi na mdomo wangu huu nilikuwa namtania: "Shemeji, mkate huo wa leo au wa juzi?"

"Wa leo, dada! Bado wa moto!" Anacheka, ananipungia mkono.

Jumatatu asubuhi nachukua daftari la wageni wa Jumapili, nahamishia kwenye mafaili, namba kwa namba. Asiye na mgeni namwandikia "hajatembelewa". Ukurasa huo hauna jina wala picha ya mtoto, namba tu. 212 ni 212. Nilikuwa naandika huku nakunywa chai na kupiga soga. Jumapili ishirini na sita zikipita mfululizo bila mgeni, faili linashuka droo ya chini, ya watoto waliotelekezwa, na hao hutafutiwa wazazi wapya. La 212 nililishusha mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Kikao cha kuamua kilikaa nikiwa likizo. Barua ya kumwita baba ilipelekwa kwenye chumba alichokwisha kuhama. Nilirudi kazini Jumatano, na mchana nikamwona penye kamba, kashika mfuko, anachungulia. Pengo hakutokea. Nikadhani mtoto ana homa, nikamwita baba mtu ofisini nimwangalizie.

Akatoa mfukoni viatu vyeusi vya shule, vipya, na karatasi ya kufungia mkate yenye unyayo uliochorwa kwa kalamu.

"Jumatano iliyopita alikanyaga hapa, dada, mimi nikapitisha kalamu chini ya wavu nikamzungushia. Akawa anacheka, anasema namtekenya. Nimeacha nafasi ya kidole kimoja, akue."

Nikafungua rejista kubwa nitafute jina. Kumbe Pengo ndiye 212. Amekabidhiwa familia mpya, Ijumaa, kwa amri ya mahakama. Nikamwambia mtoto ameshachukuliwa.

Aliponibana nimweleze sababu, nilimsomea. Ningefanyaje? Hajatembelewa. Hajatembelewa. Hajatembelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, viatu mapajani. Halafu akauliza kwa upole, na heri angenitukana:

"Lakini dada, si wewe ndiye uliyekuwa unanisalimia?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Nilikuwa nimemwona kila wiki, nikamtania kila wiki, na kila wiki nikaandika kwamba hakuja. Sikuwa na uovu wowote. Sikufikiri tu, basi, na hilo ndilo linalonitafuna.

Bosi alinionya nisijitie kitanzi. Nikikiri, kazi sina. Nikamjibu kazi na iende zake. Niliiandikia mahakama kurasa nne, Jumatano moja baada ya nyingine, nikasaini. Mlinzi naye akaweka dole gumba. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, mistari mitatu: maelezo haya hayakuwemo kwenye faili, faili halionyeshi mgeni yeyote, na mtoto amekwisha kuzoea.

Kazi hawakuninyang'anya. Walinipa onyo wakaniacha na mafaili yangu, na hiyo ni adhabu tosha.

Baba Pengo bado anakuja. Tumepiga hodi kila ofisi, mimi na yeye, wanatuambia tusubiri. Nimemfungulia daftari lake mwenyewe, la Jumatano tupu. Anasimama kidogo penye kamba, kisha anasogea dirishani.

"Umeniandika, dada?"

"Nimekuandika, kaka."

Utani umekwisha. Viatu aliniachia nimtunzie, viko kwenye droo yangu ya juu, na kila nikifungua kutafuta kalamu naviona. Ile nafasi ya kidole kimoja mtoto ameshaimaliza zamani.