Kofia ya Muuza Madafu

Kofia ya chuma ya marehemu Mzee Nguma, aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma, ilikaa miaka na mikaka kwa bintiye, Bi Kafedha wa Junda. Alikuja kuitoa kwa Kadenge tu, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea mwenyewe kwa uji na vitendawili. Kadenge alikusanya kofia za vita. Alizitoa kutu, akazipaka mafuta, akazipanga chumbani kwake Magogoni.

"Kwangu haiozi, mama mkubwa," alimwambia. "Hapa chumvi ya baharini itaila."

Jumapili moja Bi Kafedha akampelekea mihogo michache. Akakuta viatu vya wageni vimejaa mlangoni, na sauti ya Kadenge ndani, ya kujiliza:

"Tazameni hii ya Burma, hapa ilipobonyea. Risasi hiyo. Maskini, hata jina lake halijulikani. Alifia papo hapo."

Mama mmoja akavuta kamasi.

Kapu la mihogo likamlemea Bi Kafedha. Risasi gani? Alikuwa yeye, kitoto, akiteka maji kwa kofia ile; kamba ikakatika, kofia ikagonga jiwe la kisima. Babake alicheka mpaka akakaa chini.

Akaingia. "Hodi wenyewe! Kitendawili!"

"Tega!" wageni wakaitikia kwa furaha.

"Alifia vitani, akarudi akauza madafu, akanizaa mimi."

Wageni wakakuna vichwa. Kadenge, aliyezoea kujibu kabla mama mkubwa hajamaliza kutega, alitazama sakafu. Jibu alilijua. Lilimbeba mgongoni utotoni.

"Tumeshindwa, bibi. Chukua mji, chukua Malindi!"

"Malindi kaeni nayo. Namngoja Kadenge."

Kadenge akamvuta barazani. "Mama mkubwa, unaniaibisha. Nani atakuja kutazama kofia ya muuza madafu?"

"Ndiyo ukaona umuue babu yako?"

"Ni hadithi tu."

"Hadithi nilikufundisha mimi, mwanangu. Sikukufundisha hii."

Akarudi ndani, akaiteremsha kofia rafuni.

"Itakwisha kwa kutu huko!" Kadenge akalia, na safari hii alilia kweli.

"Na iishe. Itaisha ikiwa ya Nguma."

Akajaza mihogo ndani ya kofia, yote, hakumwachia hata mmoja. Akajitwika, akashika njia ya Junda.