Vigae vya Bwana Wahome

Kwa mujibu wa faili, nyumba ya serikali aliyopewa Bwana Wahome, mkubwa wa idara mjini Kajiado, ilikuwa imekarabatiwa mara tatu tangu mwaka wa tisini na tano. Ilikuwa na vigae vyekundu, bafu jipya na tangi jipya la maji. Ndunge, mkaguzi wa majengo, aliisoma faili hiyo akaona wivu. Yeye aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wadogo, mabati yakimvujia hadi kitandani, na kila mwaka aliambiwa fungu la ukarabati limekwisha. Akithibitisha limekwishia wapi, huenda mwaka huu akalala pakavu.

Desturi ya ukaguzi ilikuwa nzuri sana. Mkaguzi hupokelewa, huchinjiwa mbuzi, hutia sahihi, kisha huenda zake akijipangusa mdomo. Nyumba yenyewe haisumbuliwi.

"Madam, tukule kwanza," Wahome alimwambia ofisini kwake siku ya ukaguzi. "Nyumba haiendi mahali."

"Nitakula nikishaiona."

Kusema kweli, nyumba ilikuwa imeshaanza kwenda. Nusu ya paa haikuwepo. Tajeu, mlinzi, alimfungulia mlango kwa heshima zote, popo wakatoka.

"Mkubwa analala chumba gani?" Ndunge aliuliza.

"Huyo? Hajawai lala hapa. Ako na yake Kitengela, huko Noonkopir."

Ndunge akafunga safari hadi Noonkopir. Aliviona vigae vyekundu akiwa bado barabarani. Tangi la maji lilikuwa na maandishi ya serikali, na hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Hasira zikampanda. Akaandika ripoti ya kurasa tisa: nyumba ya Kajiado haikaliki, vifaa vyake vyote viko Noonkopir, kwenye nyumba imara kabisa.

Kamati ya nyumba za serikali iliisoma ripoti yote, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Mwenyekiti, Mzee Githongo, akamwita na kumpa mkono mbele ya watu.

"Umetusaidia sana, madam. Kumbe Wahome hana pa kulala! Tumeamua serikali imkodishie hiyo nyumba ya Noonkopir."

"Lakini ni yake!"

"Ndiyo maana atalipwa yeye."

"Na kodi itatoka wapi?"

"Kuna ile pesa ya kurekebisha nyumba za wafanyakazi. Bado haijaguswa."

Ndunge alitaka kulia. Mzee Githongo akamsogezea karatasi ya makubaliano, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa wake, akamuuliza kama ana kalamu.