Medali ya Kitheka

Kitheka alipokuwa hai, bwana wa shamba la kahawa huko Ruiru alimwita kwa jina moja tu: "Wewe mvivu." Akafa, akawa shujaa. Mkewe, Mwongeli, alizipata habari za cheo hicho kipya akiwa bado matangani.

Ilikuwa mvua ya masika ya mwaka 1957. Bwana alikuwa akirudi kutoka Thika, alikokwenda kunywa, akaliingiza gari mtoni ilhali maji yamefunika daraja. Kitheka, aliyekuwa akipita hapo, akajitosa, akamsukuma hadi ukingoni. Bwana akashika mzizi, akapona. Kitheka hakupata wa kumshika.

Sasa serikali ilikuwa imeleta medali. Asubuhi ya sherehe, nyapara Gachanja alimwendea Mwongeli.

"Mama, leo unapewa heshima kubwa. Vaa vizuri. Halafu kesho uhame, nyumba ni ya vibarua."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mjane wa shujaa," Gachanja akamjibu, kana kwamba ushujaa nao una paa na mlango.

Uwanjani, wazungu walikaa chini ya turubai wakinywa chai. Wafanyakazi walisimama juani, kwa kuwa sherehe ilikuwa yao. Bwana alijifuta macho.

"Kitheka kuwa rafiki yangu kabisa," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Shamba hii nakumbuka yeye siku zote."

Mwongeli alijaribu kukumbuka ni lini rafiki huyo aliwahi kumsalimu mumewe. Akakosa hata siku moja.

DC akambandika medali kifuani. Mpiga picha wa gazeti akasogea. Hapo Mwongeli akaushika mkono wa DC, asiuachie.

"Asante, Bwana DC. Lakini nitaitundika wapi? Nimeambiwa kesho nihame."

Chini ya turubai vikombe vilitulia. DC akamtazama bwana, bwana akamtazama Gachanja, Gachanja akatazama viatu vyake.

"Nani nasema maneno hii?" bwana akafoka, uso umemwiva. "Mama nakaa hapa! Siku zote!"

Makofi yakapigwa, na picha pia. Gazeti lilisifu sana huruma ya bwana. Jina la Kitheka halikupata nafasi.

Jioni majirani walijaa kwa Mwongeli kuiona medali.

"Ni dhahabu?" Nduku akauliza.

"Ni bati, dada," akasema, akimsogezea kigoda. "Keti. Nyumba ni yangu."

Kisha akageukia ukutani, akalia.