Mchanga wa Kusugulia Sufuria

Ziwa lilipomeza nyumba yake ya kwanza, Papa Apollinaire, mustaafu wa reli, alijenga ya pili palepale ufukweni Kalemie, juu ya mabomba membamba ya chuma aliyoyapigilia mchangani. Siku ya kuizindua alipandisha kwaya nzima ya akina mama, wakaruka humo mpaka samaki wakahamia kule mbali Mpala. Mabomba hayakuzama hata ukucha.

"Tembo aje achezee humu ndoa yake!" alijigamba.

Hakuna aliyekumbuka kuisukuma nyumba ubavuni.

Mchana mmoja upepo ukatoka ziwani. Mkewe, Mama Henriette, alikuwa juu kitandani, nyonga imevunjika, ngazi haiwezi. Papa alikuwa chini akikusanya kuku. Wimbi likapiga, nyumba ikainama kama muntu anayetega sikio. Ikarudi. La pili likapiga. Ikainama zaidi, ikarudi nusu.

Damu ikamhama Papa. Kila bomba lilikuwa limejichimbia shimo shingoni, pale linapoingia mchangani, likicheza humo kama jino bovu. Ya mbele ndiyo yalikuwa mabaya kabisa: hapo ndipo Henriette, kabla ya kuanguka, alikuwa akichota mchanga wa kusugulia sufuria. Huko chini chuma kimeshikwa. Huku juu kimeachwa kijipinde.

Papa akakumbatia bomba.

"Papa! Unafanya nini huko?" Henriette aliita kutoka juu.

"Naishika nyumba!"

"Na mikono hiyo ya kufungua chupa?" "Mchi ukiusimamisha mchangani, unaushika kichwa ao unashindilia shingo?"

Kitanda kiliteleza, kikagonga ukuta. Henriette akapiga yowe.

Papa akapanda ngazi iliyokuwa ikiyumba, akaburuta chini magunia ya muhogo, akaumwaga wote, chakula cha msimu mzima, akayajaza mchanga. Akayabana kwenye shingo za mabomba, akashindilia kwa mchi huku maji yakimfika kifuani, akiomba kwa majina ya watakatifu na ya stesheni zote za reli.

Wimbi lingine likapiga. Nyumba ikalia. Haikuinama.

Mpaka leo imeegemea upande wa Kabalo, reli inakoelekea, kama abiria anayengojea treni. Henriette anasugua sufuria kwa majivu. Na upepo ukianza, Papa hasemi habari za tembo. Anashuka na mchi wake, anagusa shingo ya kila bomba.