Wageni wa Ghorofa ya Tatu

Kwa muda mrefu Pei-shan alidhani harufu ya siki kwenye ngazi ilikuwa yake mwenyewe. Ilimganda vidoleni, kwenye mikono ya blauzi, hata kwenye nywele, na kila alipopita ghorofa ya tatu alikaza mwendo, shemeji yake asije akafungua mlango na kuinusa. Ilimchukua muda kugundua kwamba hata siku asizoshika siki, ngazi zilinuka vilevile.

Nyumba ya akina Yeh, pale Keelung, ilikuwa nyembamba kama kitabu kilichosimamishwa rafuni. Chini kulikuwa na duka la miwani la Pei-shan, ya pili alikaa mama mkwe wake, ya tatu shemeji yake Kuo-tung, na ya nne, chini ya bati, yeye na mumewe Ching-ho. Kuo-tung alikuwa amestaafu kazi ya bandarini, na sasa alikuwa na vyeo viwili tu: mtoto wa kwanza wa Mama Yeh, na mwenyekiti wa chama cha wafuga matumbawe, watu wanaokuza matumbawe hai kwenye matangi ya kioo nyumbani. Cha pili ndicho alichokivaa kila asubuhi.

Chama hicho kilikuwa na watu wa kila aina, lakini wote waliamini jambo moja. Waliamini kwamba anemoni taka, waharibifu wa matangi hayo, wapo duniani, ila hawapo kwa mwanachama yeyote. Walimtaja mnyama huyo kama wapishi wanavyowataja mende: kwa majirani huko.

Naye si mnyama wa kutisha kwa sura. Ni kijitu cha rangi ya chai, mwili kama bua la mchicha, juu yake shada la mikono myembamba inayochoma. Huingia tangini amejificha ndani ya jiwe, akatulia, akala, akazaa bila mume wala mke. Ukimkata, kila kipande huwa mzima. Ukimgusa, hujivuta shimoni na kukuachia punje ya mguu wake, na punje hiyo kesho ina mikono. Kila tumbawe lililo jirani naye huchomwa hadi likunje mikono yake, likabaki mfupa mweupe.

Wa Pei-shan walikuja na zawadi. Siku alipowasha tangi lake la kwanza, Kuo-tung alipanda na mfuko wa maji uliofungwa utepe mwekundu, ndani yake kipande cha tumbawe alilokuwa akiliita Mzazi. Mzazi lilikuwa na vidole virefu vya kijani vyenye ncha za dhahabu, nalo lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu. Karibu kila mwanachama alikuwa na mtoto wake nyumbani. Kipande kile kilikaa juu ya kijiwe, na kijiwe kile kilikuwa na mpangaji. Pei-shan alilijua hilo kwa hakika, maana mawe mengine yote ya tangi lake aliyanunua yakiwa makavu. Kusema, hata hivyo, angesemaje? Zawadi ya mkubwa hairudishwi na lawama juu yake.

Akapigana kimyakimya. Alivuta siki kwenye bomba la sindano na kuwachoma mmoja mmoja vinywani. Waliokufa walikufa, waliobaki wakazaa kwa niaba yao.

"Mke wangu anakula siki," Ching-ho alisema, akimaanisha kile ambacho kila mtu pale humaanisha, yaani wivu. "Nani huyo anayekunyima usingizi? Niambie nijipange."

"Ana mikono mia na hana hata mfupa mmoja."

"Basi amenizidi. Mimi nina miwili tu, na yote mivivu."

Hatimaye alimpigia mtu mmoja wa Tainan, mbali kabisa na masikio ya chama, akaagiza koa wanne wa baharini. Hawa ni konokono wasio na gamba, wadogo kuliko ukucha, wenye nyuzinyuzi mgongoni kama pindo la shali.

"Dada, nisikilize vizuri," yule mtu alisema. "Hawa wanakula kitu kimoja tu. Si mwani, si chakula cha samaki. Ni hao anemoni wako basi. Wakiwamaliza, wapeleke kwa mwenzako mwenye nao. La sivyo watakufa njaa."

"Na nani atakubali kwamba anao?"

"Hapo sasa! Mimi nauza koa, dada. Ujasiri kautafute duka jingine."

Koa walifanya kazi bila kelele. Walitoka gizani, wakala, wakajificha. Nyuzi zao zikawa za rangi ya chai kwa shibe. Mawe yakasafishika moja baada ya jingine, hata Pei-shan akaanza kulala usingizi wa watu. Kisha nyuzi zile zikafifia. Koa wakawa weupe, wakakonda, wakaanza kutembea mchana juu ya kioo, wakienda na kurudi kama watu waliopoteza funguo.

Jioni moja gari la taka likaingia mtaani likipiga muziki wake, na watu wakateremka na mifuko yao. Kuo-tung alikuwa ameshatangulia, amebeba mfuko mweusi uliomwinamisha upande mmoja. Ulikuwa ukivuja.

"Bwana Yeh, umemchinja nani?" aliuliza Bibi Tseng, muuza tambi wa jengo la pili na mwanachama wa siku nyingi. "Unaacha alama mpaka mlangoni."

"Supu imeharibika," alisema Kuo-tung.

Akaurusha. Mfuko uligonga ubavu wa gari kwa kishindo kilichomfanya dereva atoe kichwa dirishani.

"Supu ya mawe?" aliuliza Bibi Tseng.

"Mama ndiye aliyeikoroga. Unajua macho yake."

Pei-shan alisogea. "Shemeji, nikusaidie ule mwingine?"

"Usiguse!" Kisha akashusha sauti. "Huo una chumvi. Utaharibu viatu vyako."

Alipoinua mkono kufuta jasho, Pei-shan alinusa siki. Alishika mfuko wake wa maganda ya machungwa na kujiona kama mtu aliyedhani usiku kucha anasikia mwangwi wa nyayo zake, kumbe nyuma yake yupo mwingine anayetembea.

Jumapili wakala ghorofa ya tatu, kama kawaida. Tangi la Kuo-tung lilichukua ukuta mzima, na mbele yake kilikuwepo kiti cha Mama Yeh. Macho ya bibi huyo yalikuwa yameingia ukungu. Kati ya vitu vyote vya nyumba ile aliweza kuona kimoja tu vizuri, nacho ni kijani cha Mzazi. Alikaa hapo kutwa na kuliita jani lake. Sasa taa nyeupe zilikuwa zimezimwa, zimebaki zile za buluu, ambazo chini yake rangi ya chai haionekani.

"Kuo-tung," alisema Mama Yeh, "kwa nini unamvalisha mtoto nguo za kulala saa sita mchana?"

"Linapumzika, Mama."

"Limekunja mikono. Silioni jani langu. Tena nasikia mtaani eti nimepika supu ya mawe."

Ching-ho alipaliwa na wali. Pei-shan aliinuka kama anayefuata chai, akapita karibu na kioo. Nusu ya Mzazi ilikuwa mfupa. Nusu iliyobaki ilikuwa imejibana, na kuizunguka, kama wachuuzi waliozingira basi, walisimama anemoni taka wanene, mikono wazi. Palikuwa na alama za kisu juu ya mawe. Kuo-tung alikuwa amewakata, mwenyekiti mzima, na kila alipokata alipanda wengine.

Tangu siku hiyo Pei-shan hakuwa na amani. Njaa ilikuwa ghorofa ya nne, chakula ghorofa ya tatu, na katikati sakafu ya saruji ya unene wa shubiri moja, na aibu. Kushuka na koa mkononi kulikuwa sawa na kumwambia mkubwa wa nyumba: kwako kuchafu. Kutoshuka kulikuwa ni kuwaacha koa wafe juu na Mzazi life chini, kisha watu wote wale chakula cha Jumapili mbele ya mfupa, na mama mkwe wake akiwa amekaa kwenye kiti kile, hana cha kutazama.

Mwezi wa saba wa kalenda ya kale ukafika, mwezi ambao wafu wasio na kwao hufunguliwa mlango watembee. Huko hakuna anayewaita kwa jina lao. Huitwa ndugu wema, na kila nyumba huwawekea meza. Akina Yeh nao wakatoa yao mbele ya duka la miwani: wali, bata, mananasi, vinywaji, na beseni la maji lenye taulo safi ili wageni wanawe. Kuo-tung alipanga ubani. Ching-ho alipanga bia, akipunguza.

Pei-shan aliteremka na chupa ya kioo. Akaiweka pembeni ya meza, karibu na beseni.

"Shemeji," alisema, "kuna waliochelewa mezani."

Kuo-tung alitazama ndani ya chupa. Hakuna mfuga matumbawe asiyewajua koa wale, wala asiyejua wanakula nini. Shingo yake ilipanda rangi taratibu, kutoka kwenye ukosi kwenda masikioni. Pei-shan alitazama taulo. Ching-ho aliirudisha bia moja mezani bila kuambiwa.

"Nani wamechelewa?" aliuliza Mama Yeh kutoka kwenye stuli yake.

"Ndugu wema, Mama," alijibu Pei-shan. "Wanne. Wana njaa na hawana kwao."

"Basi mnangoja nini? Kuo-tung, wakaribishe."

"Mama, hawa hawali wali."

"Wape wanachokula."

"Sina wanachokula."

"Mwenye nyumba hasemi hana," alisema bibi. "Mwezi huu mtu hukaribishwa, haulizwi kaletwa na nini. Au umri umekusahaulisha?"

Kuo-tung alisimama na ubani mkononi mpaka jivu likamdondokea kiatuni. Kisha akauchomeka ubani kwenye bakuli, akafuta mikono, akainua chupa ile kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto wa watu.

"Kipoza maji cha tangi lako kimeharibika," alisema bila kumtazama. "Sivyo, shemeji?"

Kutoka dirisha la ghorofa ya nne kipoza maji kilisikika kikinguruma, kizima kabisa.

"Kimekufa," alisema Pei-shan. "Hakifai hata chuma chakavu."

"Nilijua. Chini ya bati kule ni tanuri. Nitawapa hifadhi kidogo."

Hawakulizungumza tena. Ila harufu ya siki ilikatika kwenye ngazi, na hakuna aliyeuliza ilikokwenda.

Siku za baridi zilipokaribia, ikawa zamu ya Kuo-tung kuwapokea wanachama. Walikuja na viatu vyao vilivyolowa, wakapewa chai, wakasimama mbele ya tangi lililomulikwa na taa za buluu na kulisifu kwa maneno ya mwaka jana. Bibi Tseng akavaa miwani, ambayo Pei-shan mwenyewe alikuwa amempimia. Ilikuwa mizuri kupita kiasi.

"Mwenyekiti," alisema, "hii ni nini?"

Juu ya kioo, kwa ndani, palikuwa na uzi mweupe uliojizungusha kama alama ya kidole gumba. Mayai. Pembeni yake koa mmoja mnene, nyuzi zake rangi ya chai kali, alikuwa akiendelea kutaga mbele ya kadamnasi bila haya. Kila aliyekuwemo alijua kwamba koa yule hatagi ila ameshiba, na hashibi ila kwa kitu kimoja.

Pei-shan alihisi joto usoni kwa niaba ya mtu mwingine.

"Ni wageni wa shemeji yangu," alisema Kuo-tung. "Kipoza maji chake kilikufa."

"Naona wamenenepa," alisema Bibi Tseng.

"Nimewapa jembe."

Akatembea mpaka ukutani, akawasha taa nyeupe.

Mawe yakaonekana yote, na alama za kisu, na anemoni wachache waliobaki kwenye kona. Upande mmoja wa Mzazi ulikuwa mfupa na utabaki mfupa. Upande wa pili ulikuwa umefungua vidole, vya kijani, virefu, vikipepea kwenye mkondo. Mama Yeh, aliyekuwa akisinzia, alivuta kiti mbele hadi magoti yakagusa kioo.

"Ndiyo," alisema. "Hili hapa."

Wanachama walimaliza chai wakaanza kuaga. Pei-shan aliwasindikiza, na alipofika ghorofa ya pili Bibi Tseng akamvuta mkono.

"Mwanangu, hayo mayai yakianguliwa... Unajua, joto la mwaka huu. Hata mimi kipoza maji changu hakieleweki."

Ngazi tatu chini, bwana mmoja mrefu aligeuka. "Chako pia? Changu kilizima tangu sikukuu ya kufagia makaburi."

"Cha kaka yangu..." alianza wa tatu.

Ching-ho, aliyekuwa mlangoni akigawa miavuli, aliwasikiliza wote hadi wa mwisho. Kisha akampazia sauti mkewe juu ya ngazi, amtafutie kazi kwa fundi wa vipoza maji.